Kiitaliano nilikiokota mchangani, je, Kiingereza nikifuate Malta?

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 29, naishi Malindi, nina mke na binti wa miaka minne. Kazi yangu ni ya baharini. Napeleka wageni kwenye hifadhi kuangalia samaki na matumbawe, na siku nyingine nawasindikiza Gede au Marafa. Shule niliacha kidato cha pili baba alipofariki. Nikaingia ufuoni kuuza vikoi na vinyago, na kwa kuwa wateja walikuwa Waitaliano, nikajikuta najua Kiitaliano. Sijisifu mama, lakini nakisema hasa. Kuna wazee wa Milan waliowahi kuniuliza nimesoma chuo gani. Niliwajibu: Chuo cha Silversands, darasa ni mchanga, karo ni jua.

Tatizo ni kwamba wageni siku hizi wamechanganyika. Wapo Wajerumani, Wapolandi, Waingereza, na hawa wetu wa Nairobi ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Na Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nasoma ujumbe nikaelewa, lakini mtu akifungua mdomo na kukimbia nacho, napotea.

Disemba iliyopita nilimbeba mama mmoja wa Kiingereza na mwanawe wa kama miaka sita. Tulifunga boti karibu na matumbawe, wale samaki wenye mistari wakaja kugombea mkate kama kawaida. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Yule mama akaniuliza kitu haraka haraka, akionyesha maji, kisha akionyesha mtoto. Sikuelewa. Nikatabasamu nikasema "yes, yes". Ndivyo nifanyavyo. Kumbe aliuliza kama mtoto anaweza kusimama pale. Akamshusha ngazini. Mtoto akazama, ikabaki kofia yake ya manjano juu ya maji. Nilijirusha nikamtoa, alikohoa tu, hakupata neno. Mama yake hakunipigia kelele. Aliniangalia akasema polepole, kama mtu anayesema na mtoto, kwamba mimi ndiye niliyesema ndiyo. Maneno hayo niliyaelewa yote.

Basi nimeazimia kusoma Kiingereza kisawasawa. Mteja wangu mmoja Mwitaliano ndiye aliyenifungua macho kuhusu Malta. Anasema hata wao Waitaliano huwapeleka watoto wao huko wakati wa likizo kusomea Kiingereza, kwa kuwa Malta ilitawaliwa na Waingereza kama sisi na lugha ilibaki. Amenionyesha video. Mama, ni mji wa bahari kama kwetu lakini umechangamka ajabu: nyumba za mawe zenye roshani za mbao za rangi, na mwezi wa saba na wa nane kila kijiji kina sherehe yake, bendi za tarumbeta, fataki, karatasi zinarushwa kutoka madirishani kama mvua, watu barabarani mpaka usiku wa manane. Nilipoiona nilikumbuka Maulidi ya Lamu nilivyoyaona nikiwa mdogo juu ya mabega ya baba.

Nimewasiliana na shule moja. Wiki nane, kuanzia mwanzo wa Julai. Karo, chumba cha kuchangia na tiketi ya ndege ni kama shilingi 550,000. Mimi nina 400,000, na hizo 150,000 nitakopa kwenye chama cha mke wangu (yeye ndiye mweka hazina). Labda huko nitapata kibarua cha hoteli nirudishe kidogo.

Hizo 400,000 lakini zilikuwa na kazi. Mimi, binamu yangu na rafiki yetu tulikubaliana kununua boti ya kioo, ile mgeni anaona samaki chini bila kulowa. Kila mtu atoe laki tatu. Wenzangu wako tayari, wananingoja mimi. Binamu yangu ananiambia nimelewa video. Mke wangu hana shida, nilipomweleza alisema tu, "Wewe wajua."

Mama, nikinunua boti nitabaki yule yule wa "yes, yes" katika boti kubwa zaidi. Nikienda Malta nitawavunja wenzangu. Nifanyeje?

Wa Mashua,
Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama pale kwenye kofia ya manjano. Kwanza nikuondolee kitu kimoja kifuani. Uliruka majini. Mtoto yule yuko hai na leo labda anawasimulia wenzake darasani jinsi alivyokunywa bahari ya Malindi. Aibu uliyobaki nayo naielewa, na ni vizuri kwamba unayo, maana wapo ambao wangecheka na kuendelea kurusha mkate.

Sasa nilivyokuelewa mimi. Una akiba moja na njia mbili. Njia ya kwanza ni boti uliyowaahidi wenzako. Ya pili ni wiki nane za darasa katika nchi ya mbali, na deni juu yake. Umeniandikia kana kwamba ni uchaguzi kati ya boti na lugha. Mimi nikiisoma naona mambo matatu yamefungwa kamba moja: kuna lile la mtoto majini, kuna Kiingereza, na kuna hamu ya kuiona dunia. Nadhani tukifungua fundo utaona kila moja linataka dawa yake.

Lile la mtoto. Niambie ukweli: siku ile ulikosa Kiingereza, au ulikosa kusema "sikuelewa"? Hata mtu mwenye shahada ya Kiingereza kuna lafudhi zitakazompita sikio. Swali la yule mama lingeweza kuja kwa Kipolandi. Ungeitikia pia? Wewe mwenyewe umesema, "ndivyo nifanyavyo." Hiyo tabia ya kuitikia ndiyo iliyomshusha mtoto ngazini, na inaweza kupanda ndege nawe, ikakaa darasani wiki nane na kurudi nawe Malindi. Mwalimu atauliza kama mmeelewa, nawe utatabasamu.

Na hapa ndipo barua yako inaponishangaza kwa uzuri. Kiitaliano ulikijua vipi? Hicho kilitufikia Malindi na mafundi na wahandisi wa San Marco, kile kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi kule Ngomeni, enzi zile za miaka ya 60 walipokuwa wakijenga jukwaa baharini. Mwaka 1967 wakarusha satelaiti yao, na baadaye zikaja hoteli na majumba. Hakuna aliyetufungulia shule ya Kiitaliano. Wapishi, madereva, vijana wa ufuoni, wauza maembe, wote walikisema vibaya mpaka wakakisema vizuri. Mgeni akicheka, nawe unacheka, unasahihishwa, unaendelea. Nina hakika siku zako za kwanza uliuza kikoi kwa kutaja bei isiyo yako ukapata hasara, na kesho yake ukarudi.

Kiingereza kwetu hakina huruma hiyo. Kiingereza kilikuja na kiboko na kile kibao cha kuning'iniza shingoni. Mimi mwenyewe nilikivaa wiki nzima darasa la nne, kosa langu ni kuomba maji kwa Kiswahili. Mpaka leo mtu akinisemesha Kiingereza ghafla, naanza kwa kujiuliza kama nitakosea. Mwanangu, inawezekana hujashindwa na lugha hiyo hata kidogo. Inawezekana uliacha kidato cha pili ukiwa na Kiingereza kingi kuliko unavyodhani, ukakifungia. Unaposoma ujumbe na kuelewa, maneno yale yanatoka wapi?

Sikuambii haya ili kukuzuia kwenda. Kutoka kuna faida yake, na hili nalisema kama mtu aliyewahi kuishi ugenini: mahali usipojulikana, hakuna wa kukucheka. Ufuoni ukianza kusema Kiingereza na mgeni, vijana wenzako watakwambia umekuwa mzungu. Malta hakuna anayejua kwamba juzi ulikuwa hujui. Kwa mtu ambaye tayari ana msingi, miezi miwili ya kusema kila siku inaweza kufungua kinywa. Kwa asiye na msingi, miezi miwili ni ya kujua njia ya dukani. Kwa hiyo kabla ya senti kutoka, iombe shule mtihani wa kupima kiwango. Nyingi hutoa. Ujue unaanzia wapi.

Lakini tuitazame Malta yenyewe, maana video haionyeshi kila kitu. Ni visiwa vidogo, kilomita za mraba 316 tu, umbali wa takriban kilomita 90 kutoka Sicily. Kiingereza ni lugha rasmi pale, kweli, pamoja na Kimalta, na Kimalta chenyewe utakipenda kwa sababu kina asili ya Kiarabu: bahari wanaiita baħar, kitabu ktieb, Alhamisi Ħamis, na wakihesabu utasikia sita na saba zako. Ndicho wanachosema wao kwa wao nyumbani na sokoni. Kisha wengi wao wanajua Kiitaliano. Na darasani nani amejaa mwezi wa saba na wa nane? Mteja wako amekwambia mwenyewe: watoto wa Kiitaliano. Sasa piga picha. Mtu wa Malindi, Kiitaliano kinamtiririka, ameketi Malta kati ya vijana kutoka Roma na Napoli, saa ya mapumziko imefika. Mtasemezana lugha gani? Nakuhofia usisafiri kote huko kwenda kupiga msasa Kiitaliano.

Tena ni miezi hiyo hiyo wazee wako wa Milan wanakuja Malindi na kukuulizia ufuoni. Ukienda Julai na Agosti unalipa mara mbili, karo ya kule na msimu wa hapa. Aprili, Mei na Juni je, wakati masika inatunyeshea na kusi inachafua bahari, boti zimepandishwa, nyinyi mnacheza bao? Madarasa miezi hiyo huwa hayajajaa watoto wa likizo. Utazikosa sherehe nyingi za vijiji, ingawa ukiwa bado huko tarehe 29 Juni utaikuta Imnarja, sikukuu yao ya Mtakatifu Petro na Paulo. Hapo utajipima: ukiambiwa darasa bila fataki, bado moyo unakwenda? Likiwa jibu ni hapana, usione haya. Kijana aliyefiwa akiwa kidato cha pili na kuanza kulisha nyumba ana haki ya kutamani kukaa juu ya mabega tena na kuangalia sherehe ya watu. Ila hamu hiyo iitwe jina lake, isijifiche nyuma ya karo.

Kwenye hesabu zako nimeona pengo. Umeandika karo, chumba na ndege. Hujaandika chakula. Wiki nane, mwanangu, utakula nini? Hujaandika nauli ya basi wala bima. Malta iko katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya kukaa hadi siku 90 inadaiwa ada ya euro 90, ambayo ukinyimwa hairudi. Bima ya safari inatakiwa iwe na uwezo wa kugharimia matibabu ya angalau euro 30,000. Hicho kibarua cha hoteli nakuomba ukifute kabisa. Viza ya muda mfupi kama hiyo si ya kazi, na ukikamatwa unafanya kazi hutapoteza mshahara tu, utachafua pasipoti yako kwa safari zote zijazo. Shule nayo iulize mambo mawili, na majibu yawe kwa maandishi: ina leseni ya serikali ya Malta ya kufundisha Kiingereza, na ukinyimwa viza inarudisha kiasi gani? Kama jibu linazungukazunguka, umeshajibiwa.

Jambo jingine la viza ambalo vijana wetu hawaambiwi. Anayesoma fomu yako anataka kuona kwamba utarudi. Anataka taarifa za benki za miezi kadhaa, na laki nne zilizoingia jana kutoka kwenye simu zinamtia shaka. Anataka kuona familia, kazi, mali. Unajua ni kitu gani kingeonekana vizuri kwenye bahasha yako? Karatasi inayosema unamiliki theluthi moja ya boti ya kitalii inayofanya kazi Malindi.

Sisemi ununue boti. Boti nayo ina mawimbi yake. Watu watatu, laki tatu kila mmoja, na katika barua yako sijaona mkataba. Jina kwenye leseni litakuwa la nani? Injini ikifa mwezi wa tano, nani anatoa? Mmoja akitaka kutoka, anarudishiwa nini? Udugu na urafiki nimeona ukizama mahali pasipofika magotini kwa sababu maswali haya yaliachwa yajijibu yenyewe. Na boti hiyo itabeba watoto wengi kuliko mashua yako, kwa hiyo lile suala la kuitikia linazidi kuwa kubwa. Hapo umesema kweli tupu, na binamu yako anayekuambia umelewa video hajalisikia.

Pia kuna kubaki na kusoma, ambako hukukutaja kabisa. Malindi na Kilifi hatukosi walimu wa Kiingereza waliostaafu wanaokaa barazani mchana kutwa. Sehemu ndogo ya hizo 550,000 ingemlipa mmoja akae nawe saa mbili kila jioni kwa miezi yote ya masika, msome maneno ya kazi yako: kina, mkondo, kupwa, kujaa, jaketi la kuokolea, shika hapa, usiruke bado. Kuna kisomo cha watu wazima, na kuna kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, jambo ambalo hukulitaja lakini nadhani linakuuma, maana barua yako ilifika kwenye shule mapema sana. Hatari ya njia hii unaijua. Mgeni akija mwalimu anaahirishwa, mtoto akiugua anaahirishwa, na kusi linakwisha. Ndege ukishailipia huahirishi.

Naweza pia kuwazia boti mwaka huu na Malta mwaka ujao, kwa pesa ambazo boti imezileta. Au safari ya wiki nne badala ya nane, bila deni. Au wenzako wakakubali kuanza na laki mbili zako, nyingine uzilipe kwa kazi. Hayo ni ya kukaa nao chini. Wamekungoja wakiwa na pesa mkononi, na hilo lina thamani yake. Waeleze habari za kofia ya manjano. Sidhani umewaeleza.

Nimeliacha la nyumbani mwisho kwa makusudi. Umeandika kwamba mke wako "hana shida". Mwanangu, mimi ni mwanamke wa Pwani. Tunaposema "wewe wajua" hatujakupa ruhusa, tumekuwekea kitu mezani tuone kama utakigusa. Halafu ukafungia kwenye mabano, kama kitu kidogo, kwamba mkopo utatoka kwenye chama chake na kwamba yeye ndiye mweka hazina. Mabano hayo ni mazito. Ukichelewa kulipa, wewe utakuwa Malta au baharini. Atakayekaa kwenye mkeka mbele ya wanawake ishirini kila mwezi na daftari mapajani ni yeye. Binti yenu ana miaka minne, mwaka huu au ujao anataka karo yake. Labda mkeo ataridhia. Labda yeye ndiye atakayekusukuma uende, wapo wake wa namna hiyo na huenda umemuoa mmoja. Lakini hujamuuliza, umemtangazia. Muulize usiku mmoja mtoto akishalala, ukiwa huna simu mkononi, kisha unyamaze mpaka amalize.

Wakati unayatafakari haya, kuna zoezi la bure unaloweza kuanza nalo kesho asubuhi. Mgeni wa kwanza atakayekuuliza jambo ukakosa kulishika, awe wa lugha yoyote, mwambie arudie polepole. Mara moja tu. Usitabasamu kwanza. Kisha uone kama anakudharau, au anakushukuru na kukuonyesha kwa kidole anachotaka.

Niandikie mke wako amesema nini. Na ukienda Malta, mwaka wowote utakaokwenda, nifanyie hisani: nasikia mashua za wavuvi wao pale Marsaxlokk zimechorwa macho mbele, kama majahazi ya Lamu. Zitazame kwa karibu, uniambie kama zinatazama mbele au pembeni.